Kuba la Mjomba

Niliificha siri ya mjomba wangu ndani ya neno la Kiswahili, tena mbele ya Waswahili. Huo ndio ujinga wangu mkubwa, na ninayo mingine ya kuulinganisha nao. Mtu mwenye akili akitaka kuficha jambo hapa kwetu Likoni hulisema kwa Kiingereza, au hunyamaza kabisa. Mimi nililivika Kiswahili sanifu, nikaenda nalo barazani baada ya sala ya alasiri, nikalitua katikati ya wazee kama mtu atuaye kikapu cha mayai kwenye njia ya punda.

Neno lenyewe lilikuwa "kuba".

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nikiishi Timbwani, mtaa wa huku huku Likoni, na mama yangu, katika nyumba ile ile niliyozaliwa. Kama si shule ya sekondari kunilazimisha kutoka, naamini hata ukuta wa ua wetu nisingeujua upande wake wa nje. Nilipomaliza kidato cha nne wenzangu walitawanyika, huyu bandarini, huyu mahotelini, yule Uarabuni. Mimi nilirudi nyumbani kupumzika kidogo, na mapumziko yakaninogea. Nilikuwa nikimmenyea mama vitunguu, nikipiga pasi, nikisikiliza redio, na jioni nikikaa kizingitini kuona nani apita na nani kabeba nini. Kuvuka na feri kwenda mjini, kwangu mimi, ilikuwa safari ya kuagwa.

Jirani yetu wa mlango wa pili, mama mtu mzima mwenye ulimi usioshika kutu, hakuwa akinisalimia mimi kwanza. Alikuwa akiusalimia mlango.

"Mlango, hujambo? Na komeo lako nalo halijambo?"

"Sijambo, mama," najibu mimi komeo. "Shikamoo."

"Marahaba. Leo umesogea kidogo. Jana ulikuwa upande ule."

Mama alivumilia yote hayo mpaka siku aliponikuta nimeihamishia redio kitandani ili nisiwe na haja ya kuinuka kubadilisha stesheni. Alivaa buibui lake akaenda kwa kaka yake.

Huyo kaka yake, yaani mjomba wangu, alikuwa na duka kubwa karibu na soko: unga, sukari, sabuni, betri za tochi, mikebe ya maziwa iliyopangwa mpaka darini. Ndani mlikuwa na kigizagiza cha heshima, kwa sababu mjomba aliamini kwamba taa huwashwa usiku. Alikuwa mtu mwema, msalihina, ila mkono wake ulikuwa mzito kufunguka. Kwa utani tulikuwa tukisema mjomba akikupa salamu husubiri chenji.

Sasa duka lile lilikuwa likivuja. Mikebe ya maziwa ilikuwa ikiondoka bila kuaga, na betri zikiifuata mikebe. Mjomba hakumshuku mtu, yaani aliwashuku watu wote sawasawa. Mwaka huo akajaliwa kwenda Umra, na wakati wa kurudi akapitia Dubai, na katika duka moja kule aliona kitu kimebandikwa darini kama bakuli lililofudikizwa. Akauliza. Akaambiwa ndani yake mna kamera, na mwenye duka yuko chumba cha nyuma anawatazama nyote kwenye televisheni. Mjomba alirudi na tende, na maji ya zamzam, na kamera moja iliyoviringwa ndani ya kanzu, na mashine ya kurekodi kaseti, na kijitelevisheni kisicho na rangi. Bakuli hakulileta. Aliulizia bei, akasema bakuli hata Mombasa lipo.

Mama alipomwendea na habari ya redio na kitanda, akaniita dukani.

"Waweza kukaa?" akaniuliza.

"Kukaa vipi, mjomba?"

"Kukaa kitako. Kutwa. Huku watazama."

Moyo uliniruka. Sijapata kusikia kazi iliyokatwa kwa vipimo vyangu kama ile. Akanionyesha kiti kwenye mlango wa stoo, kiti kizuri, kina mto. Akanifafanulia kwamba kamera isiyofunikwa ni sawa na mlinzi aliyekakamaa shingo: mwizi huona inakotazama, akapita nyuma yake. Lakini ikiwa ndani ya bakuli lile, mwizi hajui jicho liko wapi, basi huogopa pande zote. Niende mjini nikachague mabakuli matatu, moja la kutia kamera na mawili ya kutishia. Na nisimwambie mtu yeyote, hata mama.

"Wezi wakijua, nitakuwa nimenunua mapambo," akasema. "Ukichagua vizuri na siri isitoke, kiti hiki chako. Ikitoka, nakupa kazi nyingine. Wauona mkokoteni ule?"

Niliuona. Ulikuwa umebeba magunia ya unga, na mwenye kuusukuma alikuwa amefumba macho kwa uzito. Nikaapa wallahi kwamba sitasema.

Duka la vitu hivyo mjini lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa, aliyesema Kimvita kuliko mimi. Alinitolea mabakuli matatu ya mfano akayapanga juu ya meza: moja wazi kama gilasi, moja la rangi ya chai ya rangi, na moja jeusi.

"Hili la wazi," akasema, "kamera yamwona mwizi vizuri. Lakini na mwizi aiona kamera. Hili jeusi, mwizi haoni kitu, ila na kamera yaona kizakiza. La chai, kila mmoja aona nusu yake. Dukani mwenu mna mwangaza?"

"Mna giza."

"Basi chukua la wazi."

"Lakini mjomba hataki jicho lionekane."

"Basi jeusi."

"Lakini mna giza."

"Basi la chai."

"La chai si ndilo linalokosa huku na huku?"

Alivua miwani akanitazama. "Kijana, watafuta kifuniko au watafuta mchumba?"

Kisha tena kulikuwa na makubwa na madogo, na ya kuning'inia na ya kubandikwa darini kwa skrubu. Nilichanganyikiwa. Yule mzee akaniambia hiyo ni mifano tu, mali yenyewe huagizwa, niende nikafikiri kisha nirudi nikiwa mtu mwenye uamuzi.

Kwenye feri nilifikiri kweli, lakini sikufikiri nichague lipi. Nilikuwa nikifikiri kitu kile kiitweje. Yule mzee alikuwa akikiita kwa Kiingereza, na mimi mtihani wa Kiswahili nilipasi vizuri, nikaona ni aibu kitu kizuri kama kile kuvuka maji hakina jina. Bakuli? Bakuli ni la uji. Kifuniko? Kifuniko ni cha sufuria. Kabla hatujafika ng'ambo likanijia: kuba! Umbo lile lile la mviringo, limeinuka juu. Nikajipongeza. Tena nikaona limekuja na faida ya pili. Mtu akiniuliza natoka wapi, nitasema nilikwenda kutazama kuba. Siri imefichika, na mimi sikusema uongo. Nani atajua?

Nilichosahau ni kwamba mwisho wa kichochoro chetu pana msikiti, na msikiti ule haukuwa na kuba. Wazee waliojenga waliishia kwenye sakafu ya juu. Waliacha vyuma vinne vimesimama katikati ya paa, vikisubiri kuba, na vyuma vile vilikuwa vimesubiri tangu mimi sijazaliwa, vimeshika kutu, kunguru wamevifanya baraza lao. Hakuna mtu mtaani aliyepandisha macho asivione. Isipokuwa mimi, kwa sababu kupandisha macho nako ni kazi.

Alasiri ile wazee walikuwa wameketi nje ya msikiti: maalim wetu, ambaye ndiye imamu, na fundi cherehani mzee aliyekuwa akitafuna tambuu, na wengine wa kusikiliza.

"Salaam aleikum."

"Waleikum salaam," maalim akaitika. "Kulikoni? Leo umevaa viatu!"

"Natoka mjini, maalim."

"Mjini! Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Mjomba kanituma kutazama kuba."

Fundi cherehani alisahau kutema.

"Kuba?" maalim akauliza polepole. "Mjomba wako huyu? Huyu tumjuaye?"

"Huyu huyu. Lakini hataki watu wajue."

"Subhanallah! Ndivyo itakiwavyo. Mkono wa kulia utoe, wa kushoto usijue."

Nikaona maalim ni mtu anayeelewa mambo ya biashara.

"Kubwa?" akauliza fundi.

"Yako makubwa na madogo. Yeye ataka matatu."

"Matatu!"

"Na rangi ndiyo inayonisumbua. Liko jeusi, liko la rangi ya chai, na liko la wazi kama kioo. Hilo, jicho lililo juu lawaona wote walio chini, kila mtu afanya nini."

Maalim aliinua uso mbinguni. "Aliye juu hutuona sote, mwanangu, hata bila kioo."

"Amin," nikasema, nikaenda zangu nyumbani kula.

Nilikuwa na tonge mkononi jirani yetu alipoingia, na siku hiyo hakuusalimia mlango. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Mwambie mjomba wako Mungu amjaze," akasema. "Marehemu mama yangu aliota kuba la msikiti ule mpaka akaingia kaburini. Sitamwambia mtu. Najua ni siri. Hata hao walioniambia wameniambia ni siri."

Tonge lilinipalia. Mama alinipiga mgongo, na kila pigo nikaelewa kidogo zaidi. Niliona la kufanya ni kukimbia barazani nikaseme: siyo la msikiti, wazee wangu, ni la kamera. Basi hapo siri imetoka, wezi wamejua, na mkokoteni uko pale unanisubiri. Nisiposema, mtaa mzima wasubiri kuba ambalo haliji. Katika hali kama hiyo mtu mwingine angechagua. Mimi nilinyamaza, kwa sababu kunyamaza hakuhitaji mtu kuinuka.

Habari ilienea kwa heshima. Kwa kuwa sadaka ni ya siri, hakuna aliyemtajia mjomba neno kuba. Walimshukuru kwa maneno ya kuzunguka. Bibi muuza vitumbua alimshika mikono miwili akalia. Wanaume walimwinukia. Siku ya Ijumaa maalim akamtia katika dua, hakumtaja jina, lakini alimtazama mpaka watu wote wakageuka.

Mjomba aliniita stoo akafunga mlango.

"Hebu nitazame vizuri. Nimekonda?"

"La, mjomba."

"Mbona kila mtu aniombea? Daktari kawaambia kitu hakuniambia mimi?"

"Ni Umra, mjomba," nikasema. "Watu waiona nuru."

Aligeuka akajitazama kwenye kigae cha kioo kilichokuwa ukutani, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Tangu siku hiyo alianza kuvaa kofia yake nzuri hata siku za kazi. Nilimshuhudia kwa macho yangu akimpa mtoto wa watu peremende bila kuombwa. Duka likajaa. Na likatokea jambo lingine, ambalo mimi sikuliombea: wizi ulikoma. Nani atamwibia mtu anayeujengea msikiti kuba? Asubuhi moja wasaidizi wa duka walipofungua milango walikuta kizingitini furushi la betri limefungwa kwa gazeti, limerudi lenyewe.

"Alhamdulillahi," mjomba akasema. "Basi kamera ya nini tena? Nitaiuza."

Nilikitazama kiti changu chenye mto. "Mjomba," nikamwambia, "wizi ni kama homa. Ikikuacha haijapona, imekwenda kupumzika." Ilikuwa ni mara ya kwanza katika maisha yangu kusema vibaya juu ya kupumzika. Lakini alishawishika, na mimi kesho yake, kabla hajabadili nia, nikavuka mwenyewe bila kutumwa. Yule mzee wa Kihindi alinikaribisha kwa kuugua. Safari hii sikusumbua. Nilitaka meusi, ya kubandikwa, matatu. Nilipomweleza kwamba kamera ni moja, akacheka. "Basi hayo meusi ndiyo yako," akasema. "Jicho liwemo lisiwemo, ligeuke lisigeuke, hapana atakayejua."

Nayakumbuka sana maneno hayo, hasa ya kugeuka.

Sanduku lilifika baada ya siku zisizo nyingi, kwa mkokoteni, kutoka ferini. Sijui hamali aliulizwa nini njiani na alijibu nini, lakini lilipokata kona ya soko lilikuwa limeshafuatwa. Wanawake walikuwa na marashi. Maalim alitangulia mbele na kofia ya Idi. Mjomba alitoka dukani, akauona umati ule unakuja kwake, akashika moyo.

"Nani kafa?"

"Ndugu yangu," maalim akasema, "leo siri imekushinda. Tufungulie tulione."

Mjomba alinitazama mimi. Mimi nilitazama viatu vyangu, ambavyo siku hizo vilikuwa vikitumika mno.

"Mbona sanduku ni dogo?" sauti ikauliza.

"Labda limekunjwa."

"Kuba likunjwe, ni mkeka?"

Hapo neno lilishatajwa. Nilimwona mjomba likimwingia. Dua zote, na machozi ya bibi wa vitumbua, na nuru ya Umra, vyote vilimpita usoni kimoja kimoja kama wasafiri wanaoshuka feri. Hamali, ambaye hakuwa na shida na mtu, akalibandua sanduku. Ndani ya sponji yakalala mabakuli matatu meusi, mororo, yanang'aa.

Jirani yetu alipenya watu akachungulia.

"Ala! Kumbe ni kawa!"

Kawa ni kile kifuniko chetu cha ukindu, cha mviringo, tufunikiacho chakula nzi wasitue. Na kweli, lilikuwa ni kawa tupu. Mtihani wa Kiswahili nilipasi, na neno lile sikulifikiria, ilhali lilikuwa juu ya wali wangu kila siku.

"Mjomba wako atujengea msikiti au atufunikia wali?" akaniuliza, na watu wakaanza kucheka. Mjomba akisema ni ya kamera, siri imekwisha na pesa ya Dubai imekwenda bure. Akinyamaza, ni mtu aliyeahidi kuba akaleta kawa. Alikuwa amekwama pale pale nilipokwama mimi siku ile na tonge, na nilimhurumia, ila kwa mbali.

Maalim alilichukua moja. Aliligeuza, akalifudikiza juu ya kiganja, akalinyanyua mpaka likakaa sawa na paa la msikiti, kwenye vile vyuma vinne. Akafumba jicho moja.

"Mfano," akasema. "Mtu mwenye akili hajengi kuba kabla ya kutazama mfano. Kaleta mitatu tuchague." Akamgeukia mjomba, taratibu kabisa. "Sivyo, ndugu yangu?"

Sijapata kumwona mtu akimeza mate yakafika mbali kama yale.

"Ndivyo," mjomba akasema.

Vigelegele vilipigwa mpaka kunguru wakahama. Walimmwagia mjomba marashi, na mimi nikapata yangu. Mpaka leo sijui kama maalim aliamini alichosema au alikuwa ametega mtego wake tangu siku ile barazani. Nilimwuliza mara moja. Aliniambia, "Mwanangu, wewe kunywa uji wako."

Watu walipotawanyika mjomba alinivuta ndani.

"Kuba," akasema. "Shuleni walikufunza nini wewe?"

"Kiswahili, mjomba."

"Wangekufunza kunyamaza."

Lakini kuba alijenga. Alilijenga kwa maumivu, kila mfuko wa saruji aliuaga kama mtu anayesafirisha mwana, lakini alijenga. Fundi mwashi alipewa lile bakuli liwe kiolezo, na alikuwa fundi mwaminifu mno. Alichokiona alikiigiza chote, pamoja na ule ukingo bapa wa chini na yale matundu manne ya kupitishia skrubu. Ukija kwetu utaviona. Wageni huyasifu matundu yale, husema ni nakshi ya zamani.

Na kiti nilikipata. Siri ya kamera haikutoka, hilo mjomba hakuweza kulikana, na neno lake ni neno. Bakuli moja liliharibika kwa saruji. Mawili yakabandikwa darini dukani, kamera ndani ya moja, kando ya feni. Wateja wakiyaona walisema mashallah, ule mfano. Hapakuwa na mwizi Likoni nzima aliyedhani kwamba mfano ule unamtazama. Na kwa kuwa mjomba alizoea kusifiwa, aliongeza hata taa.

Basi nikakaa. Televisheni niliiweka juu ya katoni mbele yangu, mgongo wangu kwenye mto wa kiti, miguu juu ya gunia la mchele. Wiki za kwanza nilikuwa hodari. Nilimjua nani hunusa sabuni bila kununua na nani hujikuna akidhani yuko peke yake. Lakini duka likipoa baada ya adhuhuri, na feni inavuma, na ile televisheni inanguruma kwa sauti nyembamba kama nyuki aliyeshiba, macho ya binadamu yana mpaka wake.

Baadaye niliona picha imesogea kidogo. Nikadhani ni macho yangu. Kisha pembeni ya picha ukaanza kuonekana mguu wa mtu, mguu mnene, umetulia juu ya kitu. Nikaushuku. Mwenye mguu ule hakuwa akinunua kitu wala haondoki, kila siku yupo. Nikaazimia kumkamata. Lakini mjanja wee! Kila nilipoinuka kumsogelea, naye aliondoka. Nikirudi kukaa, amerudi.

Haya ya wezi nayo ina muda wake. Kuba lilipokauka rangi, watu walianza kulizoea, na mikebe ya maziwa ikaanza tena safari zake. Safari hii mjomba hakulalamika. Alitabasamu. Alichukua kaseti mashineni bila kuniambia kitu, na Jumapili baada ya alasiri akaniita nyumbani kwake, sebuleni, kwenye televisheni yake kubwa. Alimwita na maalim awe shahidi, na mama yangu aone kaka yake alivyo na akili. Jirani yetu alikuja kuazima chekecheke, akasahau kuondoka.

"Leo nawafunulia jambo," mjomba akasema, akaeleza habari yote ya kamera kwa fahari. Maalim aliitikia "ah" na "lo" mahali palipostahili. Kisha kaseti ikaanza.

Haukuonekana ukuta wa maziwa. Ulionekana mlango wa stoo. Na mlangoni kiti, na kitini mimi, kichwa nyuma, kofia puani, mdomo wazi, na miguu yangu minene juu ya gunia la mchele.

Feni, kumbe. Feni ilikuwa ikitikisa dari siku nzima, na skrubu ya kamera ikalegea, na jicho likawa linageuka polepole, kila siku kidogo, kutoka kwenye maziwa kuja kwangu. Lingekuwa la wazi kila mtu angeliona. Lilikuwa jeusi, kwa chaguo langu mwenyewe.

"Huyu hajafa?" maalim akauliza.

Mama alijifunika uso kwa leso. Mjomba akaikimbiza kaseti mbele. Picha ilikwenda mbio. Kivuli cha mlango kikatambaa sakafuni, paka akaja akanusa miguu yangu akaenda zake, wasaidizi wa duka wakapita kama risasi huku na huku. Mimi nilibaki vile vile. Mahali fulani mkono wangu ulitikisika, maalim akasema "Allahu akbar".

Mjomba aliizima mwenyewe. Sikusikia ukali katika sauti yake, na hilo ndilo lililoniuma.

"Nimevusha kamera bahari, nimejenga kuba," akasema, "ili nimwone huyu."

"Nisamehe, mjomba. Kesho nitasukuma mkokoteni."

"Mkokoteni wataka mtu aliye macho. Kesho kaa kwenu."

Nilirudi nyumbani nyuma ya mama, ambaye hakugeuka hata mara moja. Jirani yetu alikuwa ametutangulia. Alisimama mbele ya mlango wetu, chekecheke la watu mkononi, na juu ya kichwa chake, kule mwisho wa kichochoro, likaonekana kuba na matundu yake manne. Alinisubiri nikafika kizingitini, nikakaa.

"Mjomba wako ajitia gharama za bure. Si angeniuliza mimi? Ningemwambia bila kamera kwamba walala."